Yule Bwana wa Kukatika

Kwa miaka kumi na mmoja riziki yake ilitokana na kuwaambia watu wazime kitu kisha wakiwashe. Alikuwa mhudumu wa simu katika kampuni inayouza intaneti ya majumbani. Mteja akikatikiwa, akapiga simu roho imemchafuka, yeye ndiye aliyempokea kwa sauti laini kama ya daktari wa watoto na kumwambia: "Zima ruta, subiri sekunde thelathini, halafu uwashe." Alilisema hilo mara nyingi mno, hata wenzake wakampachika jina la Thelathini. Siku mkewe alipolalamika kwamba pasi haipati moto, alimjibu vivyo hivyo bila kuinua macho kwenye gazeti.

Jina hilo hakulichukia. Ukweli ni kwamba alilipenda, kwa sababu alikuwa amefika mahali pa kujiona bingwa. Yeye ndiye aliyeandika mwongozo wa maswali ambao wahudumu wote waliusoma simuni, kurasa kumi na nne, na katika ukurasa wa pili aliweka sentensi aliyojivunia kuliko zote: "Mhudumu akumbuke kwamba mara nyingi mteja mwenyewe ndiye tatizo, ila hajui." Msimamizi wake, mwanamke makini asiyecheka ovyo, alimtaka aipunguze makali. Akaipunguza. Akafuta "mara nyingi" akaandika "mara nyingine".

Basi mama mkwe wake akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali ilikubaliwa kwamba angekaa kwao mpaka atakapoweza kutembea bila ile fremu ya chuma ya kujishikiza. Mke wa Thelathini alikuwa muuguzi, anaondoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo ilibidi mtu mwingine ashinde nyumbani. Thelathini akaomba kufanyia kazi nyumbani, akakubaliwa, akapewa laptop ya kampuni na hedifoni zenye kijiti cha kusemea.

Mama mkwe alipewa chumba cha mwisho wa korido, kilichokuwa cha binti yao kabla hajaenda chuoni. Thelathini mwenyewe akahamia stoo, jirani ya chumba hicho, ukuta wa mbao nyembamba ukiwatenganisha. Alitoa ndoo zilizotoboka na mabegi yasiyo na zipu, akaingiza meza, akabandika ukutani cheti chake cha Mhudumu Bora wa Mwaka, cha miaka sita iliyopita. Hakuna ambaye angekiona humo ila yeye, na yeye ndiye hasa aliyekusudiwa.

Wiki mbili za mwanzo kazi ilikwenda kama maji. Wiki ya tatu ikaanza kukatika.

Ilianza asubuhi moja, saa nne hivi. Mteja mmoja alikuwa anaeleza jambo lake, na katikati ya neno akapotea. Kwenye skrini ile alama ya waifai ikabaki vistari vitupu, kisha ikajikusanya taratibu. Dakika chache mambo yakawa sawa. Halafu ikakatika tena. Kisha ikatulia kabisa, hadi saa saba mchana, ikarudia yale yale. Na saa kumi tena.

Thelathini hakushtuka. Mtu wa fani yake hashtuki. Alikwenda sebuleni ilipokaa ruta, juu ya kabati la televisheni, akaizima, akahesabu, akaiwasha. Taa zote zilikuwa za kijani. Alitoa simu yake ya mkononi akapima kasi pale pale: safi kabisa. Akarudi stoo amejaa kiburi, akakaa, akavaa hedifoni, na saa nne ya kesho yake akakatika mbele ya mteja aliyekuwa akilalamika kwamba anakatikakatika.

Mteja huyo alikuwa mama mmoja, fundi cherehani mstaafu. Alisema hivyo mwanzoni kabisa, kabla hata ya kutaja namba yake ya akaunti, kana kwamba kampuni ilipaswa kujua inaongea na fundi mwenzake. Sauti yake ilikuwa kavu na haikuwa na haraka.

"Laptop hii nimenunuliwa na mwanangu," alisema. "Intaneti inakuja, inakaa kidogo, inaondoka. Nimezima nikawasha mpaka kidole kimeota sugu. Usiniambie tena nizime niwashe."

Thelathini, ambaye mdomo ulikuwa umeshafunguka kwa herufi ya kwanza ya neno "zima", aliufunga. Hilo lilimtoa kwenye mstari. Ukurasa wa kwanza wa mwongozo haukumwambia afanye nini na mtu wa namna hiyo.

"Sawa, mama," alisema. "Basi nieleze. Unaitumia kwa kazi gani hasa?" Hilo halikuwa swali la mwongozo. Alilitoa tu ili kupata muda wa kufikiri.

"Kuongea na dada yangu. Alipata kiharusi, hasemi. Simu ya kawaida haitusaidii kitu. Nitasema peke yangu mpaka lini? Lakini mkono wake wa kushoto ni mzima. Sisi tulikuwa na duka la kushona miaka thelathini, mashine sita zinapiga kelele kwa pamoja, tukazoea kusemezana kwa mikono. Nikimwona mkono, naelewa kila kitu. Sasa nikimwona nusu dakika akaganda, nusu neno limebaki hewani, nafanyaje?"

Thelathini alitaka kumjibu. Kwa mara ya kwanza katika muda mrefu alitaka kweli kumjibu mtu. Akafungua kinywa, na alama ya waifai ikafumba jicho.

Ilipomrudia, laini ilikuwa tupu. Na kwa kanuni za kampuni, mhudumu hampigii mteja. Mteja ndiye hupiga, akaangukia kwa yeyote aliye wazi.

*

Kufikia mwisho wa wiki hiyo, msimamizi alimpigia kwenye simu ya mkononi.

"Simu ishirini na tatu zimekatikia kwako," alisema. "Nimeangalia mara mbili nikidhani ni kosa la hesabu."

"Ni laini ya mtaani kwetu," Thelathini alisema bila kupepesa. "Nadhani nguzo ya huku ina hitilafu."

"Nimeangalia nguzo yenu. Nimeangalia na laini yako mpaka mlangoni. Haina hata mkwaruzo. Sitaki kukurudisha ofisini na mgonjwa yuko nyumbani. Lakini sitaweza kuendelea kuwaeleza wakubwa kwamba mtu aliyeandika mwongozo hawezi kujifuata mwenyewe. Nakupa mpaka Ijumaa ijayo."

Maneno yale yalimchoma. Akaamua kupambana kiume.

Kwanza alilaumu laptop. Aliifuta vumbi, akafuta programu zilizokuwa na majina asiyoyaelewa, mojawapo ikiwa ndiyo iliyokuwa inatoa sauti kwenye hedifoni, na nusu siku nzima akawasikia wateja kwa mbali kana kwamba wako ndani ya mtungi. Kisha akamlaumu jirani wa ng'ambo ya ukuta, fundi wa kuchomelea mageti, akaenda kumuuliza kwa adabu kama mashine yake huwaka saa nne, saa saba na saa kumi. Fundi alimwambia kwamba mashine yake ina wiki mbili imeharibika, na akamuuliza, kwa kuwa anaonekana kuyajua mambo haya, kama angeweza kuiangalia. Thelathini alisema ataiangalia. Mpaka leo hajaiangalia.

Jumatatu akachukua hatua ya mwisho ya watu wa fani: akaleta waya. Waifai ikikataa, unavuta waya kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta, basi. Aliuvuta kutoka sebuleni, ukapita korido yote, ukaingia stoo. Alipofika ndipo akagundua kwamba laptop ya kampuni ilikuwa nyembamba kiasi kwamba haikuwa na tundu la waya wa namna hiyo. Bado alikuwa amepiga magoti anaizungusha kulitafuta ubavuni aliposikia fremu ya mama mkwe ikigonga korido, ko, ko, ko, kisha ikanyamaza.

Alitoka mbio. Mama mkwe alikuwa amesimama wima, mguu mmoja wa fremu umenasa kwenye waya, anautazama kama mtu anayemtazama nyoka asiye na sumu.

"Mkwe," alisema kwa upole, "huu umewekwa kwa ajili yangu?"

"Hapana, mama. Nisamehe sana, mama."

"Nauliza tu. Daktari alisema nifanye mazoezi ya kuinua mguu, nikadhani labda ndiyo haya."

Jioni mkewe alisimuliwa kisa hicho na mama yake, akauviringa ule waya, mzunguko kwa mzunguko, polepole, akaufunga kwa mpira, akamkabidhi mumewe. Thelathini angepewa nafasi ya kuchagua, angechagua matusi.

*

Siku ya Jumanne, akiwa amebakiwa na siku tatu, alifanya jambo ambalo aliapa hatamsimulia mtu, ingawa baadaye alilisimulia kila mahali. Alichukua simu ya mkononi, akaenda kusimama uani, akapiga namba ya huduma kwa wateja ya kampuni yake mwenyewe. Aliibana pua kidogo ili sauti ibadilike.

Alipokewa na mwanamke waliyemwita Bi Taratibu, ambaye zamani alikuwa karani wa posta na ambaye Thelathini mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa mzuri, ila alisoma mwongozo neno kwa neno, kama hati ya mahakama.

"Pole sana kwa usumbufu, mpendwa mteja," alianza Bi Taratibu. Thelathini aliyatambua maneno yake mwenyewe. Yakisikika kutoka upande wa pili, yalikuwa na ladha ya uji uliolala. "Je, una uhakika kwamba ruta yako imewashwa?"

"Ndiyo."

"Je, umeizima, ukasubiri sekunde thelathini, ukaiwasha?"

"Ndiyo," alisema Thelathini, na hakusema kwamba ile mara ya mwisho alihesabu mpaka kumi na mbili tu.

"Je, umesogeza kompyuta yako karibu na ruta ili kulinganisha?"

"Ndiyo." Huo ulikuwa uongo mtupu. Alikuwa amepima kwa simu ya mkononi. Laptop hakuwahi kuitoa stoo hata siku moja. Ilikuwa imezungukwa na karatasi na vikombe, akaona uvivu.

"Je, kuna kifaa chochote cha ziada ulichowahi kukiongeza nyumbani, cha kusambaza au kuongeza nguvu ya waifai?"

"Hakuna," alijibu kwa uhakika. "Mimi ninaijua nyumba yangu."

"Naelewa," alisema Bi Taratibu. Kisha akashusha sauti. "Kaka, namba yako inatokea kwenye skrini yangu tangu ulipopiga. Na jina. Unaweza kuiachia pua."

Thelathini akaiachia pua.

"Sitamwambia mtu," aliendelea. "Lakini nataka nikuulize kitu ambacho siku zote nilitaka kumuuliza mwandishi. Huu mwongozo una maswali arobaini na moja. Mbona hakuna hata moja linalomuuliza mteja inakatika saa ngapi?"

Thelathini alimshukuru, akasimama uani kwa muda akiangalia nguo kwenye kamba.

*

Kesho yake, muda mfupi baada ya saa saba, hedifoni zikalia na sauti kavu ikasema: "Ndiwe yule bwana wa kukatika?"

Thelathini alimtambua papo hapo. "Ndimi, mama. Umenipataje?"

"Nimepiga mara nne. Kila anayepokea namwambia nataka yule wa kukatika, na wote wanamjua. Wameniunganisha huku wanacheka."

"Mama, wale wengine laini zao ni nzuri. Wangekusaidia vizuri zaidi."

"Wale hawakatiki, lakini wanasoma. Wewe siku ile uliniuliza naitumia kwa kazi gani. Kisha ukapotea, sawa, lakini uliuliza." Akakohoa kidogo. "Kabla hatujaanza yangu, hebu tumalize yako, maana hatutafika popote. Hapo kwako kuna redio?"

"Redio?"

"Nasikia mtu anasoma habari nyuma yako. Hata siku ile alikuwepo. Mimi cherehani siijui kwa kuitazama, naijua kwa kuisikiliza. Mashine ikiwa na kasoro hutoa mlio kwanza, ndipo uzi ukakatika. Siku ile, msoma habari alinyamaza, nikahesabu kidogo tu, nawe ukanyamaza."

Thelathini aligeuza kichwa kuelekea ukutani. Sauti ya redio ilipita kwenye mbao zile kwa nguvu, kwa kuwa mama mkwe hakusikia vizuri sikio la kulia. Ilikuwa ikisoma hali ya hewa. Kwa zaidi ya wiki moja alikuwa ameisikia kila siku, saa nne, saa saba, saa kumi, akaizoea kama mtu anavyozoea mlio wa tumbo lake.

"Ni redio ya mama mkwe wangu," alisema. "Yuko chumba cha jirani. Lakini, mama, redio haiwezi kukata intaneti. Kitaalamu ni vitu viwili—"

"Sijasema inaweza. Nimesema zinakatika pamoja. Nenda ukaangalie anaiwashaje."

"Sasa hivi?"

"Mimi nipo. Tukikatika nitakupigia."

Kwenye chumba kile Thelathini hakuwahi kuingia tangu mama mkwe afike. Hakuna aliyemkataza. Ni heshima tu na haya, mtu na mama mkwe wake. Chakula alikipeleka mpaka mlangoni, akagonga, akasalimia, akapokelewa sinia. Ndiyo maana nyumba yote alikuwa ameipekua, dari na uvungu wa makochi, isipokuwa hapo. Alisimama mlangoni akajikohoza.

"Hodi, mama."

"Karibu, mkwe. Ngoja habari ziishe, wanamalizia."

Alifungua mlango nusu. Mama mkwe alikuwa amekaa kando ya kitanda, fremu mbele yake, redio kubwa ya zamani mezani. Waya wa redio ulishuka nyuma ya kitanda, ukaingia kwenye soketi pekee ya chumba hicho. Juu ya meza, kando ya redio, kilikuwepo kidude cheupe cha ukubwa wa viberiti viwili, kimefutwa vumbi na kuwekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri.

Thelathini alikitazama kile kidude.

Kilikuwa kiongeza nguvu cha waifai. Alikiweka yeye. Miaka miwili nyuma, binti yake alipolalamika kwamba intaneti haifiki chumbani, alikileta kutoka kazini, akakichomeka nyuma ya kitanda, akakipa jina lile lile la waifai ya sebuleni na neno la siri lile lile ili kisimsumbue mtu. Nacho hakikumsumbua mtu. Binti akaondoka, kikabaki, kikasahauliwa. Na laptop yake pale stoo, hatua mbili kutoka hapo, ilikuwa imekumbatia kidude hiki siku zote badala ya ruta ya mbali. Kikichomolewa inaanguka, inahangaika, inaitafuta ruta. Kikichomekwa tena inairuka ruta na kukirudia, na hapo inaanguka mara ya pili.

"Mama," alisema taratibu, "hiki kidude..."

"Ah, hicho cha kufukuzia mbu," alisema mama mkwe. "Kizuri sana. Siku waliponiletea redio yangu nikaona soketi ni moja. Nikasema, mchana mbu hakuna, kwa nini nisikichomoe kidogo nisikie habari? Nikimaliza nakirudisha. Kitu cha watu hakichezewi." Akamtazama mkwewe usoni. "Nimekiharibu?"

Thelathini aliangalia vile kilivyowekwa juu ya kitambaa. Alifikiria kumweleza mawimbi, masafa na njia za mawimbi. Alifikiria pia ule waya wa koridoni.

"Hujaharibu kitu, mama. Aliyeharibu ni mimi."

"Maana tangu nije, sijaumwa na mbu hata mmoja."

"Basi kinafanya kazi," alisema Thelathini. Hakuwa na moyo wa kusema vingine.

Alikwenda stoo, akafungua droo, akatoa waya wa ekstensheni wenye soketi nne ambao muda wote huo ulikuwa umekaa humo bila kazi. Akarudi, akapiga magoti nyuma ya kitanda cha mama mkwe, jasho jembamba likimtoka, akachomeka redio na kidude kwa pamoja. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Msoma habari akaendelea na michezo.

Alipovaa tena hedifoni, laini ilikuwa imekatika, kama ilivyotarajiwa. Alikaa akiitazama skrini. Dakika mbili, tatu. Kisha ikalia.

"Haya?" aliuliza yule fundi cherehani.

Akamweleza yote, hata habari ya mbu. Upande wa pili akasikia mlio fulani ambao mwanzo alidhani ni hitilafu ya laini. Fundi alikuwa anacheka bila sauti, pumzi inamtoka puani.

"Kwa hiyo mteja alikuwa wewe," alisema alipotulia.

"Mteja nilikuwa mimi, mama."

"Sawa. Sasa niangalie na mimi."

Thelathini aliuvuta mwongozo wake karibu kwa mazoea, akaufungua, kisha akaufunga. "Mama, nieleze. Inakatika wakati gani? Muda mfupi kabla haijakatika, huwa unafanya nini?"

Fundi alifikiri. "Nakaa nayo mezani nikimsubiri dada aandaliwe. Hapo ni nzima. Akishakaa vizuri, naibeba naipeleka kwenye meza ya kukatia vitambaa, kuna mwanga mzuri, anione mikono. Hapo ndipo inakufa."

"Unapoibeba, chaja inabaki wapi?"

"Naichomoa. Waya haufiki."

"Na ukiirudisha mezani ukachomeka chaja?"

"Inapona," alisema fundi polepole. "Nilikuwa nasema ni bahati."

Basi hapo Thelathini alimwongoza, hatua kwa hatua, bila kumharakisha. Afungue mipangilio. Atafute sehemu ya betri. Kulikuwa na mahali ambapo laptop ilikuwa imeamriwa kubana matumizi: ikitoka kwenye umeme, inailaza waifai ili betri idumu. Nani aliiamuru hivyo, haikujulikana; huenda ilitoka hivyo kiwandani. Ilimchukua fundi muda kuona maandishi, akavaa miwani, akavua, akavaa nyingine. Redio ya mama mkwe ilinyamaza ng'ambo ya ukuta. Thelathini akahesabu. Laini ikaendelea.

"Nimebonyeza," alisema fundi. "Nachomoa chaja sasa. Naibeba. Niko kwenye meza ya kukatia." Sauti ya kiti kikivutwa. "Ngoja nimwite."

Aliiweka simu mezani bila kukata. Thelathini alisikia mlio wa kuita, kisha sauti ya mwanamke mwingine, pengine mtu anayemtunza dada, ikisema, "Huyu hapa, ongeeni." Baada ya hapo hakukuwa na maneno. Alisikia tu nguo zikichakarika, bangili zikigongana, na mara moja pigo dogo la kiganja juu ya mbao. Saa ya kampuni kwenye skrini yake ilikuwa imepita muda unaoruhusiwa kwa simu moja, ikageuka ya manjano, kisha nyekundu. Hakukata. Dakika tano, sita, saba, dada wawili wakaongea na yeye asisikie kitu.

Mwishowe fundi alichukua simu. Sauti yake ilikuwa imelainika, akaikaza haraka.

"Anasema nimenenepa," alisema. "Wiki tatu sijamwona vizuri, na hilo ndilo alilokuwa nalo. Haya, ahsante. Nenda ukapumzike."

*

Siku hiyo hiyo Thelathini aliandika ripoti. Fomu ilikuwa na sehemu iliyosema "Chanzo cha tatizo", akaandika: "Kifaa kilichoongezwa na mteja kisha kikasahauliwa na mteja." Palipoandikwa "Jina la mteja" akaandika jina lake kamili. Msimamizi alimpigia ndani ya robo saa. Hakusema kitu kwa muda, na Thelathini akaogopa, mpaka alipotambua kwamba yule mwanamke asiyecheka ovyo alikuwa ameifunika simu kwa kiganja.

"Baki nyumbani mpaka mgonjwa apone," alisema alipoweza kusema. "Na mwongozo ule utauandika upya. Safari hii ukae na Bi Taratibu."

Waliuandika pamoja kwa majuma mawili. Zikabaki kurasa tano. Ile sentensi ya ukurasa wa pili Thelathini aliifuta kwa mkono wake, ingawa Bi Taratibu alishauri iachwe na liwekwe jina la mtunzi chini yake ili wahudumu wapya wajifunze.

Fundi cherehani hakupiga tena. Katika kazi ile, mteja aliyetengenezewa hapigi. Hiyo ndiyo shukrani yake, hakuna nyingine. Thelathini aliijua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote, na alikuwa amewafundisha wengi wasitarajie zaidi. Hata hivyo, hedifoni zilipolia siku za baadaye, asubuhi hasa, alijikuta akitega sikio kabla ya kusema jina la kampuni, na akajionea aibu, mtu mzima na akili zake, kumtakia mama wa watu tatizo dogo tu la intaneti, lisilo baya, la kumaliza kwa dakika mbili.